Lita Zinazopotea Kati ya Kibirizi na Kagunga

Ugomvi mkubwa kati ya tajiri wa boti na nahodha wake si wa nauli wala wa abiria. Ni wa mafuta. Nimeendesha maboti ya watu Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi, ya abiria na ya mizigo, kutoka mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga, mpakani na Burundi, na karibu kila niliyemfanyia kazi tulifika hapo. Tajiri anaona madumu yanaondoka yamejaa na kurudi matupu. Nahodha anajua ameyachomea ziwani. Katikati yao kuna mashine ya zamani ya mapigo mawili, hizi za kuchanganyia oili kwenye petroli, isiyo na geji wala kompyuta ya kumtetea mtu.

Boti ninaloshika sasa ni la mama mmoja mfanyabiashara wa Ujiji. Ni la mbao, urefu wa mita 10 na ushee, na nyuma limefungwa mashine ya Yamaha Enduro yenye nguvu za farasi 40, silinda 2, ambayo ilishapita mikono ya watu kabla ya kumfikia yeye. Mama huyu ana daftari. Kila dumu linaloingia botini linaandikwa na tarehe yake. Siku moja aliniita dukani, akanifungulia ukurasa, akasema kwa upole ulionitisha kuliko angenifokea: "Mwanangu, mimi sijasema umeiba. Nauliza tu, yanakwenda wapi?"

Nikamwomba muda nimfuatilie hayo mafuta.

Jibu la kwanza halimpendezi tajiri yeyote: sehemu ya mafuta hayo haijawahi kuungua. Katika mashine ya mapigo mawili yenye kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, pistoni ikishuka, tundu la kutolea moshi na matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya yanakuwa wazi kwa pamoja. Hakuna valvu ya kufunga upande mmoja. Mchanganyiko mpya ndio unaosukuma moshi nje ya silinda, na katika kusukumana huko sehemu yake inatoka na moshi kabla plagi haijapiga. Wataalamu wanakadiria upotevu huo kuwa robo ya mafuta, hata kufikia asilimia 30, na mashine ikiwa kwenye sailensa, yaani inawaka tu bila kusukuma boti, hali ni mbaya zaidi. Ndiyo maana boti likisimama kwenye maji yaliyotulia huku mashine inawaka, unaona rangirangi za mafuta zinaelea nyuma. Hizo ni fedha za tajiri. Na ni maji ambayo watu wa kijiji kilicho mbele wanachota ya kunywa, katika ziwa lenye mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga kule upande wa Kongo.

Marekani ilianza kubana uchafu wa mashine za boti kuanzia matoleo ya 1998, Ulaya ikafuata katika miaka ya 2000, na mashine za aina hii zikaondoka madukani kwao. Kwetu zimebaki kwa sababu zinaeleweka. Fundi wa mwaloni anaifungua kwa spana chache, spea zipo, na ikikuzimikia katikati ya ziwa unaweza kubadilisha plagi ukaendelea na safari. Mimi siilaumu. Ila ukishajua kwamba katika kila dumu la lita 20 kuna kama lita 5 zinazokwenda na maji hata mashine ikiwa nzima kabisa, unaacha kuzitafutia dawa hizo, unahangaika na zile nyingine.

Nilianza kwa kutafuta namba. Ukiuliza mwaloni farasi 40 inakula kiasi gani, utaambiwa "dumu moja kwa saa." Hawako mbali na ukweli. Mashine hii ikiachiwa mkono wote, yaani mkono wa mafuta ukifunguliwa mpaka mwisho, inakula kati ya lita 15 na 20 kwa saa. Kipimo cha haraka ni lita 4 kwa kila farasi 10, na kama imechoka uongeze. Lakini lita kwa saa hazimsaidii mtu anayekwenda Kagunga. Unaweza kutembea polepole, ukatumia lita chache kwa saa, na bado ukafika umemaliza mafuta yaleyale kwa sababu umechukua saa nyingi. Nikaamua kupima lita kwa kilomita.

Kupima kwenyewe hakuhitaji kifaa cha ajabu. Unajaza tangi mpaka alama uliyoichora mwenyewe, boti likiwa limetulia sawasawa. Simu yenye GPS inakuonyesha kasi na umbali. Ukifika, unaongeza mafuta kwa jagi lenye mistari mpaka kwenye alama ileile, na ulichoongeza ndicho ulichotumia. Cha muhimu ni kutobadilisha mzigo, na kupima alfajiri ziwa likiwa limelala. Ukipima leo na magunia ya mihogo, kesho na abiria peke yao, siku nyingine upepo umechafuka, namba zako zitakuchanganya kuliko kukusaidia.

Mkono wote, kwa mzigo wa kawaida, boti lilikwenda kilomita 15 kwa saa na kunywa lita 17 kwa saa. Nikapunguza mpaka theluthi mbili ya mkono: kilomita 12 kwa saa, lita 9. Sasa piga hesabu ya kilomita 50. Mkono wote ni lita 57 kasoro na saa tatu na dakika 20. Mkono wa kupunguza ni lita 38 kasoro na saa nne na dakika 10. Yaani dakika 50 zile unazinunua kwa lita 19. Petroli ikiwa imepita shilingi 3,000 kwa lita, hapo umelipa zaidi ya 57,000 kwa kwenda tu, na bado hujageuza boti.

Sababu haiko kwenye mashine, iko kwenye boti. Maboti yetu ya mbao hayapandi juu ya maji kama yale ya plastiki yanayopeleka watalii Hifadhi ya Gombe. Yanalima maji. Boti linalolima lina ukomo wa mwendo unaotegemea urefu wake pale linapogusa maji; kwa mita 10 ukomo huo ni kama kilomita 14 kwa saa. Ukiukaribia, wimbi linaloanzia puani linakuwa refu sawa na boti lenyewe, mkia unazama, pua inainuka, na tangu hapo unapanda mlima wa maji uliojitengenezea mwenyewe. Mkono unaouongeza unaishia kukuza wimbi la nyuma. Huhitaji simu kuliona hilo. Geuka utazame: wimbi la nyuma likiwa linainuka karibu na ubao wa mashine na kukufuata kwa hasira, umeshapita pale pa faida. Likilala na kufunguka pembeni taratibu, uko sawa.

Tatizo ni abiria, na zaidi ya abiria ni nahodha mwenzako. Maboti mawili yakiondoka Kibirizi pamoja, kila mmoja anataka kuwahi wateja wa Mtanga na Mwamgongo. Ukipunguza mkono, kuna kijana atapaza sauti kutoka katikati ya mizigo, "Nahodha, umelala?" Nimezoea kumjibu, "Mdogo wangu, Mwamgongo haihami." Wanacheka. Lakini kuna siku mwenzangu aliyenipita kwa mbwembwe nilimkuta mbele ya Mwamgongo akiomba nimgawie lita 5 za kumfikisha Zashe. Nilimpa. Ziwani hunyimani mafuta.

Usifikiri pia kwamba ukizidi kwenda polepole ndiyo utazidi kuokoa. Mashine hizi zikiwa chini sana hazichomi vizuri. Silinda inaruka mara inapiga mara haipigi, plagi zinalowa, na ukija kufungua mkono inakohoa. Na lile la kuwasha mashine na kuiacha kwenye sailensa wakati kondakta anapanga kuku na magodoro ni hasara tupu. Kwenye boti letu mashine inawashwa kamba ikishafunguliwa.

Kilichonishangaza zaidi ni propela. Kwenye propela kuna namba mbili zimegongwa, kwa inchi. Ya kwanza ni upana wa duara lake. Ya pili ni umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajikaza kwenye kitu kigumu badala ya maji. Ya kwetu namba ya pili ilikuwa 13, propela ya boti jepesi linalokimbia. Mtu aliyekuwa na mashine hii mwanzo pengine alikuwa nalo boti la namna hiyo. Sisi tumeifunga kwenye mbao nzito za mninga zilizonywa maji, tukapakia magunia juu yake.

Niliazima ile saa ndogo ya kuhesabu mizunguko, ambayo waya wake unauzungushia kwenye waya wa plagi. Mkono wote, tukiwa na mzigo, mashine ilikuwa inafika mizunguko 3,900 kwa dakika, wakati imetengenezwa ifanye kazi kati ya 4,500 na 5,500 mkono ukiwa wote. Ilikuwa inabeba mzigo kwa gia kubwa. Mashine ya mapigo mawili ikibanwa hivyo inaumia mara mbili: bomba lake la moshi limepimwa ili kwenye mizunguko yake halisi msukumo wa moshi urudishe ndani sehemu ya mchanganyiko unaotaka kutoroka, na ukiwa chini ya hapo msaada huo unapungua. Halafu masizi yanajijenga kwenye pistoni na ringi. Nikapata propela ya mtumba yenye namba 10. Kila inchi moja unayopunguza hupandisha mizunguko 150 mpaka 200, na kweli ile saa ilionyesha 4,500 na kidogo. Mwendo wa kilomita 12 ukapatikana kwa mkono mdogo zaidi kuliko mwanzo, na kwa safari nzima ya Kagunga zikaokoka lita nyingine kadhaa. Kwa mkono wote boti halikuongeza mwendo hata kidogo, maana ukomo ni wa boti. Nasema hivyo kwa sababu vijana wengi hununua propela wakitaka mbio.

Wakati bado uko nyuma ya boti, tazama na urefu wa mkia wa mashine. Lile bamba la bapa lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya boti au lishuke kidogo tu. Mashine za mkia mfupi zimepimwa kwa ubao wa inchi 15, za mkia mrefu inchi 20. Maseremala wetu wanachonga ubao wa nyuma kwa mazoea, kwa hiyo unakuta mashine imezama mno inaburuta giaboksi zima majini, au imeinuliwa mno na kila wimbi propela inavuta hewa na kupiga mayowe. Sisi tuliongeza kipande cha ubao, kazi ya nusu saa.

Kisha kuna magonjwa ya mashine yenyewe, na hapa ndipo watu wanapoanzia ingawa mimi naweka baadaye. Kubwa kuliko yote ni silinda moja kuzimika bila nahodha kujua. Mashine ya silinda 2 inaweza kutembea na moja, ikatetemeka kidogo, ukadhani ni uzee. Ile silinda iliyokufa inaendelea kupokea mafuta kama kawaida na kuyatema yote ziwani. Chomoa plagi zote mbili baada ya safari, uzilaze kwenye kiganja kwa mpangilio. Yenye rangi ya kahawia kavu inafanya kazi. Nyeusi inayong'aa kwa mafuta haichomi. Nyeupe kabisa ni hatari ya upande mwingine, mafuta ni machache na pistoni inaweza kuungua. Kwenye yetu plagi zilikuwa zinafanana, ila zote mbili nyeusi.

Kwa nini nyeusi? Fundi mmoja mzee wa Katonga aliniambia, "Usiniletee kabureta kwanza. Nionyeshe themostati." Akafungua kifuniko cha themostati, kile kifaa kinachozuia maji ya kupoza mpaka mashine ipate joto lake, pakawa patupu. Kuna mtu zamani aliitoa, kama wengi wanavyofanya, kwa imani kwamba inazuia maji na kuchemsha mashine. Maji ya ziwa letu juu yana nyuzi 25 hivi, yakizidi ni kidogo tu. Bila themostati yanapita moja kwa moja mfululizo, mashine haipati joto lake, petroli haigeuki mvuke vizuri, inabaki matone kwenye kuta za silinda na kutoka hivyo hivyo. Mzee akatoa themostati ya mashine nyingine kwenye kopo lake la vyuma, akaifunga uzi, akaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa anachovya kidole na kukitoa. Maji yalipofika pale ambapo kidole hakiwezi tena kukaa, kile kijiti cha katikati kikaanza kusogea taratibu. "Nyuzi 50 hizo," akasema, "nzima hii." Kabla ya kuifunga akabadilisha impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, maana themostati nzima na impela iliyochoka ndiyo inayochemsha mashine na kuwafanya watu waitukane themostati. Baada ya safari chache plagi zikaanza kurudi rangi ya kahawia.

Kabureta nayo ina msimu wake. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sisi wa abiria tuliendelea, lakini mama alikuwa na mashine nyingine ya farasi 15 kwenye boti la dagaa, ikawekwa stoo ikiwa na mafuta ndani. Ziwa lilipofunguliwa, karibu kila fundi mwaloni alikuwa na foleni, na malalamiko yalikuwa mamoja: mashine haiwaki bila choki, ikiwaka inatoa moshi, inakula. Tulipofungua kikombe cha kabureta ya ile 15, chini palikuwa na kitu cha njano kizito kinachonata, kinanuka kama vanishi ya seremala. Petroli ilikuwa imekauka ikaacha gundi. Sindano ya floti, ile ya kufunga mafuta kikombe kikijaa, ilikuwa imeshika, haifungi sawasawa, kwa hiyo kikombe kinafurika na mashine inameza ziada. Tuliloweka vipande kwenye petroli safi na kupuliza matundu kwa pampu ya baiskeli. Kijana wangu alikuwa ameshachukua uzi wa waya wa umeme achokonoe jeti, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli, nikamzuia. Tundu la jeti limetobolewa kwa kipimo cha nywele. Ukilipanua, mashine itakula zaidi kila siku mpaka ununue jeti nyingine, na hakuna atakayejua kwa nini. Siku hizi mashine ikiwekwa, tunachomoa mpira wa mafuta na kuiacha iwake mpaka izime yenyewe kwa njaa.

Pampu ya mafuta itazame pia. Kile kiwambo chake chembamba cha mpira kikitoboka, petroli inavutwa ghafi moja kwa moja kwenye tumbo la mashine. Na ukiona mafuta yanarudi yanatapikwa mdomoni mwa kabureta, ujue ridi, kile kibamba chembamba kinachoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi, imevunjika ncha au haikai vizuri.

Kuhusu oili, mwaloni kuna dini mbili. Wa kwanza wanamimina kwa jicho na kuongeza ya moyo, wakiamini oili nyingi ni afya. Wa pili wanabana, wakati mwingine wanatia oili ya gari iliyokwishatumika. Mashine yetu inataka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, upime mililita 400 mara moja kwa kipimo cha kweli, uchore mstari, imekwisha. Ukizidisha, si moshi na masizi tu: oili inachukua nafasi ya petroli kwenye tundu lilelile la jeti, mchanganyiko unakosa nguvu, unaongeza mkono kufidia. Oili yenyewe iwe ya mashine za boti, iliyoandikwa TC-W3. Ile ya pikipiki za zamani ilitengenezwa kwa mashine zinazopozwa kwa hewa, na ya gari inaacha majivu kwenye plagi. Na hilo dumu tunaloliita la lita 20, likijazwa mpaka shingoni linapita 20, ndiyo maana daftari la mama na pampu ya kituo cha mafuta vilikuwa havikubaliani.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, inatangaza bei kikomo, na Kigoma huwa tuko juu kwa sababu ya umbali kutoka bandarini. Ukitoka mjini ukaenda vijijini, bei ni ya mwenye dumu. Hapo ubora nao unakuwa bahati. Tangu 2010 mafuta nchini huwekwa vinasaba, yaani alama ya kikemikali, kuwanasa wachakachuaji, lakini dumu lililopita mikono mitatu na kukaa juu ya mtumbwi wenye maji halina wa kulidhamini. Mimi hujaza kwanza chupa nyeupe inayoonyesha ndani, naiacha itulie wakati tunashusha mizigo. Maji yakiwemo yanazama chini unayaona mstari. Mafuta ya taa huyaoni, unayasikia: mashine inagonga ikibebeshwa mzigo.

Mengine ni ya haraka. Maji yaliyotuama ndani ya boti, lita 100 ni kilo 100, umebeba abiria wawili wasiolipa nauli. Kalafati, ile ya kuziba mianya ya mbao, isisubiriwe mpaka ioze. Utelezi wa kijani chini ya boti usuguliwe kila likipandishwa mchangani. Mizigo isirundikwe yote nyuma. Halafu miezi ya kiangazi, Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unavuma, na kurudi Kibirizi ukitokea Kagunga unaupokea usoni. Safari ileile inaweza kula nusu tena zaidi. Tunaondoka Kagunga usiku wa manane au alfajiri, tunatembea karibu na pwani, na bado tunabeba akiba ya theluthi ya mafuta ya safari. Akiba hiyo haiguswi hata mama mwenyewe akipiga simu.

Kuna na hili la mwinuko, ambalo mafundi wengi hawalitaji. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo farasi 40 ya kwenye kifuniko huku ni kama 37, na kabureta iliyopimwa kwa pwani inatoa mafuta mengi kidogo kuliko hewa inayoyapokea. Si tofauti ya kukimbilia kubadilisha jeti, lakini mashine iliyohamishwa kutoka baharini ikija huku na plagi nyeusi, usishangae.

Niliporudi kwa mama na karatasi zangu, alisoma zote, na bila kusema lolote kuhusu wizi akauliza kwa nini tusiweke farasi 15, si ndogo inakula kidogo? Nikamweleza kwamba 15 kwenye boti hili itaachiwa mkono wote tangu Kibirizi mpaka Kagunga, itakula lita 7 kwa saa ikienda kilomita 10, na ukigawanya unapata karibu kilekile tunachotumia sasa na ile 40. Siku upepo ukigeuka haina cha kuongeza. Akauliza za mapigo manne. Hizo ndizo zinaokoa kweli, theluthi ya mafuta na zaidi, hasa kwenye mwendo wa kati tunaotembea sisi. Lakini ni nzito kwa zaidi ya kilo 20, ubao wa nyuma utataka kuimarishwa, ikipinduka majini ina mengi ya kuharibika, na bei yake mpya ni ya mtu mwenye maboti matatu. Mama aliandika takwimu zote mbili kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, akapiga hesabu kwa kidole juu ya meza, akasema ataifikiria dagaa wakikubali.

Kwa sasa ameongeza safu mbili kwenye daftari, kilomita na mzigo, na amenunua propela ya pili ya namba 10 ikae botini kama akiba, kwa sababu mawe ya Gombe hayana huruma. Ile ya 13 bado ipo dukani kwake Ujiji, haijapinda wala kumeguka. Mwenye boti jepesi akapatane naye bei, na ajiandae, mama hapunguzi kirahisi.